RAMADHANI, SIKU YA 19: Jiko la nyumbani kwako

Kesho usiku tunaingia kumi la mwisho. Wewe umeshapanga itikafu, mashallah. Je, mkeo?

Hebu ingia jikoni leo ukitoka tarawehe. Tazama ukuta nyuma ya jiko, mafuta ya sambusa za siku 18 yameganda pale. Fungua friji: tambi za juzi, futari nusu sahani, maziwa yaliyochacha. Ile israfu tunayokatazwa kwenye Suratul A'raf aya ya 31, ndo hiyo. Na mimi kwangu nilikuta hayohayo, nikaona aibu.

Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wake, na swala ikifika hutoka kwenda kuswali. Imo kwa Bukhari.

Basi leo mwambie mama watoto ashike msahafu wake. Wewe chemsha maji, tia sabuni, anzia juu ukutani na kwenye makabati, sakafu iwe mwisho. Taka zitoe usiku huohuo, mende hawafungi. Sufuria zenye masizi ziloweke mpaka daku.