Kiti na Mkono Uliokichonga

Kigoda cha jadi huchongwa kutokana na gogo moja, pasipo msumari. Fundi humtazama kwanza atakayekikalia, ndipo ashike tezo.

Huko Butiama, jina la Chifu Burito Nyerere, aliyefariki mwaka 1942, lingali likitajwa. Nani ayajuaye majina ya wachonga vigoda wa zama zake? Na leo, seremala wa Musoma au Bunda akinakshi kitanda cha mninga kwa kuagizwa, sifa humwendea mwenye nyumba.

Je, fedha hununua kazi pamoja na heshima yake? Hasha! Fedha hulipa mbao na jasho. Deni la ubunifu hulipwa kwa kumtaja fundi. Basi, ewe mwanafunzi, dawati ulikalialo nani kalitengeneza?