Lawama Si Mkate

Baada ya msiba, watu huuliza upesi ni nani wa kulaumiwa, na kwa kawaida hutaka jina moja tu. Nimelitafakari swali hilo kwa kisa cha Marekani, kwa sababu kilitokea shuleni, na umri wangu umeishia katika shule.

Tarehe 30 Novemba 2021, katika shule ya sekondari ya Oxford, jimbo la Michigan, mvulana wa miaka 15 aliwaua kwa bastola wanafunzi wenzake wanne na kujeruhi watu saba. Bastola hiyo baba yake alikuwa ameinunua siku nne tu kabla. Asubuhi ya siku ile mwalimu aliona mchoro wa kijana huyo: bastola, mtu anayevuja damu, na maneno ya kuomba msaada. Wazazi wakaitwa. Hawakumchukua kijana wao, wala hawakutaja habari za bastola. Mkoba haukupekuliwa, akarudi darasani. Mwaka 2023 alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2024 mama na baba nao walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15.

Wako wanaosema kwamba mwenye kosa ni aliyefyatua risasi, basi mzazi ameingiaje? Hoja hii si ya kupuuzwa. Mzazi huzaa mwana, hazai moyo wake. Nimewaona watoto wa watu waadilifu wakipotoka, na ingekuwa dhuluma kuwafunga wazazi wao. Lakini wazazi wa Oxford hawakuhukumiwa kwa kuwa walimzaa mhalifu. Walihukumiwa kwa yale waliyoyajua na ambayo wangeweza kuyafanya: kuifungia silaha, kusema neno moja ofisini, kurudi nyumbani na mtoto.

Tunakosea tunapodhani kwamba lawama ni mkate, kwamba ukimkatia mmoja, fungu la mwenzake hupungua. Hatia ya mvulana yule ni yake nzima. Ya wazazi ni yao nzima vilevile, nayo haimpunguzii mtoto hata chembe.

Na sisi walimu je? Mtoto akiingia lango la shule, sisi ndio tulio mahali pa mzazi. Aliyeuona mchoro na kutoa taarifa alitimiza wajibu wake. Hatari huanza taarifa inapopita mikono mingi, kila mkono ukitumaini kwamba unaofuata ndio utakaoamua. Chuoni nilikuwa nikiwaambia walimu vijana: jambo likishafika mezani kwako, ni lako mpaka uhakikishe mwingine amelipokea.

Kwa hiyo, msomaji, napima wajibu kwa maswali mawili: ulijua nini, na uliweza kufanya nini? Mahakama huyauliza watu wakishazikwa. Mzazi na mwalimu wanapaswa kujiuliza asubuhi, mtoto angali amesimama mbele yao na mkoba wake mgongoni.