Makato ya Ujira: Amana au Mkopo?

Twapenda kuwaelekeza ndugu zetu katika jambo ambalo wengi hulidhani ni la serikali na makarani tu, na kumbe ni la dini.

Natutwae mfano wa mtu wa pwani aliyehamia Songea, akafungua ghala la mahindi Msamala, akaajiri vijana watano. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), iliyotungwa mwaka 1997, yamtaka apeleke asilimia 20 ya ujira wa kila mmoja. Yamruhusu kukata kwa mtumishi isiyozidi asilimia 10; iliyobaki huitoa yeye. Basi akata, aandika katika karatasi ya mshahara kuwa amekata, kisha msimu wa mavuno waingia, fedha zile azinunulia magunia. Asema moyoni mwake: nitazirejesha nikisha kuuza. Je, ni halali?

Wako wasemao kuwa hilo ni deni tu, na mfanya biashara hakosi deni. Sisi hatuoni hivyo. Ujira ni deni juu ya mwajiri maadamu hajaulipa. Lakini akisha kuukata kwa jina la mtumishi ili aufikishe mahali, amekuwa wakili wa kuupeleka. Wakili hatumii alichopewa kukifikisha. Akikitumia pasi na idhini amekhini, na ni juu yake kukilipa, hata ghala likiungua bila ya kosa lake. Ama sehemu itokayo mfukoni mwake, hiyo ndiyo yenye sura ya deni. Nayo pia yamlazimu, kwani aliijua sharti hiyo siku alipoajiri.

Huenda akajitetea kwa kisa cha watu watatu waliozibiwa na jiwe pangoni, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mmoja wao alikuwa na kibarua aliyeondoka akauacha ujira wake, naye akaufanyia kazi hata ukazaa mifugo. "Nami nimefanya kama yeye!" La. Yule kibarua aliuacha mwenyewe. Huyu wa Msamala hakuulizwa. Na siku kibarua aliporejea, bwana yule alimpa vyote asibakishe kitu, hata kibarua akadhani afanyiwa mzaha. Ni nani katika wenye maghala aliyempa mchukuzi faida ya magunia yaliyonunuliwa kwa makato yake?

Na madhara yake si madogo. Pensheni yataka michango ya miezi 180. Mtumishi wa miaka 15, ambaye tajiri wake aliruka miezi minane, hufika umri wa miaka 60 akaambiwa ana miezi 172, na ghala limekwisha fungwa na mwenyewe hajulikani aliko. Kwa aliyekata zilikuwa fedha za magunia machache. Kwa aliyekatwa ni chakula cha kila mwezi mpaka kaburini. Watu wa Songea wayajua haya tangu zamani: babu zao waliteremka Tanga kukata mkonge, na Tanganyika haikuwa na mfuko wa akiba wa taifa wa kumngoja kibarua uzeeni mpaka sheria ya mwaka 1964.

Wengine husema, "Kijana mwenyewe amekataa kukatwa, ataka fedha yake mkononi." Ridhaa ya mtu achelewaye kufukuzwa ni ridhaa gani? Na tena, akifa, mjane na mayatima wana haki katika mfuko ule. Atasameheje haki isiyokuwa yake peke yake?

Uko na udhuru wa wacha Mungu: kwamba mfuko huweka fedha katika hati za serikali zenye riba. Suala hilo ni la kweli, na wanazuoni wetu walizungumze. Lakini mwenye kuitilia shaka nyumba ipelekwayo amana, amana haigeuki kuwa yake. Twastaajabu kuwa shaka hii huwajia zaidi msimu wa mavuno.

Na tajiri huyo akifa kabla ya kupeleka, warithi wasigawe kitu. Makato hayo hayakuwa mali ya marehemu, basi hayaingii katika mirathi. Na sehemu aliyowajibika kuitoa yeye ni deni, hulipwa kabla ya wasia na kabla ya mafungu. Waanze kwa kulitafuta daftari la mishahara.