Barakoa Dukani: Uhuru Wangu Unaishia Wapi?

Somo la kusoma nyumbani: Kumbukumbu la Torati 22:8; 2 Samweli 23:13-17; Warumi 14



Wiki hii tunarudi kwa jambo ambalo wengi wangependa tulisahau: barakoa. Najua kuna mtu ataguna, "Kwani hiyo haikuisha?" Ni kweli, Machi 2022 serikali iliondoa sharti la kuvaa barakoa mahali pa wazi, na zile tulizobaki nazo ziko kwenye droo na mifuko ya makoti. Lakini mabishano yake hayakuisha, yalinyamaza tu. Katika familia zetu, na hata katika vikundi vya maombi, kuna watu walioachana kwa maneno makali wakati ule. Mpaka leo mmoja anamwona mwenzake kuwa mwoga asiye na imani, na huyo mwenzake anamwona yeye kuwa mkaidi asiye na huruma. Tena magonjwa ya kuambukiza hayajakoma. Julai 2024 tulisikia mpox imepatikana huko Taveta. Siku ingine itakuja ambapo mlango wa duka utabandikwa masharti tena. Ni heri tufikirie sasa, wakati hofu imetulia, tujue tutasimama wapi.

Tukumbuke kidogo ilivyokuwa. Kisa cha kwanza cha Korona hapa Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Aprili kanuni zikatoka: ukiwa mahali pa umma, vaa barakoa. Ukikaidi, faini hadi shilingi 20,000 au kifungo hadi miezi sita, au vyote viwili. Matatu ya abiria 14 ikabeba 8. Makanisa yalifungwa, na yalipofunguliwa Julai ilikuwa watu 100 kwa saa moja tu. Na supamaketi mnakumbuka: tangi la maji na sabuni mlangoni, soja na kile kifaa cha kupima joto kwenye paji la uso, na karatasi kwenye kioo ikisema bila barakoa huingii.

Hapo mlangoni ndipo mjadala ulipowaka, na si kwetu tu. Mjini Flint, jimbo la Michigan kule Marekani, Mei 2020, mlinzi wa duka alipigwa risasi akafa baada ya mzozo na wateja juu ya barakoa. Mtu alitoka nyumbani kwenda kazini, hakurudi. Kwa hivyo tusiseme ni jambo dogo. Swali lenyewe ni la zamani na ni zito: je, ni haki mtu kulazimishwa kufunika uso wake ndio auziwe unga?

"Mwili ni wangu"

Hoja hii tusiidharau. Mungu hakutuumba watumwa. Mtu mzima anajua afya yake, na si kila kitu serikali ikisema ni lazima kiwe kweli. Kama barakoa ingekuwa ya kumlinda anayeivaa peke yake, mimi ningesema mwacheni achague, kama tunavyomwacha mtu atembee kwenye mvua bila mwavuli.

Lakini hebu angalieni ile sheria ya Musa juu ya nyumba mpya. Nyumba za Israeli zilikuwa na paa tambarare. Watu walipanda huko kupumzika, kuanika vitu, kuongea jioni, kama vile watu wa ploti zetu wanavyopanda juu ya gorofa kuanika nguo. Mungu akaagiza kwamba ukijenga nyumba, uzungushe ukuta mdogo juu ya paa, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba yako.

Angalia mambo matatu hapo. Kwanza, hakuna anayekataa kwamba nyumba ni yako. Pili, sheria haingoji mtu aanguke ndio ikuulize kama ulikusudia. Tatu, na hili ndilo kubwa, ule ukuta si wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba anajua paa lake hata gizani. Ukuta ni wa mgeni, wa mtoto, wa jirani aliyepanda kuchukua nguo zake.

Barakoa ya kitambaa ilikuwa hivyo. Kazi yake kubwa ni kuzuia matone ya anayeivaa yasimfikie mwingine. Na Korona ilikuwa na ujanja mmoja mbaya: mtu angeweza kuambukiza wengine kabla hajahisi hata kichwa kuuma. Kwa hivyo kusema "mimi siumwi" halikuwa jibu. Ni kama kusema "mimi sijawahi kuanguka kwenye paa langu."

Sasa tuingie dukani. Wewe mteja unakaa dakika kumi, unachukua unga na mafuta, unaenda. Yule dada wa kaunta anakaa hapo siku nzima, anapumua hewa ya kila mmoja wetu. Wewe unaweza kwenda duka lingine, unaweza kumtuma mtu, unaweza kurudi kesho. Yeye hana nafasi hiyo. Akiacha kazi, kodi ya nyumba italipwa na nani? Jioni anarudi kwa mamake mzee, ambaye hakuingia dukani kabisa wala hakuulizwa maoni yake. Kati ya watu wawili, mwenye nafasi ya kuchagua ndiye anayepaswa kubeba mzigo mdogo kwa ajili ya asiye nayo.

"Imani yangu inatosha"

Hapa naongea na sisi wenyewe, maana wapinzani wa barakoa kanisani walisema hivi kuliko kitu kingine chochote. Tunaamini Mungu anaponya, na hilo haliondoki. Lakini imani yako inaweza kuweka hatarini maisha ya nani? Ukifunga kula, unafunga tumbo lako. Huendi kwa jirani kumnyima mtoto wake ugali ukisema wewe uko kwenye maombi. Hata mfungo mtakatifu, ukiulazimisha kwenye tumbo la mtoto wa mwenzako, unakuwa ukatili.

Daudi alilijua hili. Siku moja akiwa vitani alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa wake watatu wakapenya katikati ya adui wakamletea. Daudi akakataa kuyanywa, akayamwaga mbele za Bwana, kwa sababu aliyaona kama damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Kiu yake ilikuwa ya kweli na maji yalikuwa mkononi, lakini hakuweza kufurahia kitu ambacho bei yake ililipwa na maisha ya mwingine. Kumbuka pia kwamba wale mashujaa walijitolea wenyewe. Dada wa kaunta hakujitolea. Sisi ndio tulimwingiza vitani.

"Hata wakubwa hawakuwa na uhakika"

Hii nayo ina ukweli. Mwanzoni Shirika la Afya Duniani halikuwashauri watu wazima wa afya kuvaa barakoa, kisha Juni 2020 likabadilisha ushauri wake. Wanasiasa wetu walituambia tuvae, halafu tukawaona kwenye mikutano ya siasa wamebanana bila barakoa. Mwananchi akiuliza "mbona mimi?" ana haki ya kuuliza.

Na faida ya barakoa tusiipake rangi. Kule Bangladesh watafiti walifanya kazi katika vijiji 600. Pale watu walipohimizwa kuvaa barakoa, maambukizi yalipungua kwa kiasi, si kwa muujiza, na barakoa za aina ya hospitali zilionyesha matokeo ya wazi zaidi kuliko za kitambaa. Hiyo ndiyo hali halisi. Ilisaidia, haikumaliza.

Lakini je, ule ukuta wa paa ulizuia kila mtu kuanguka? Hapana. Uliwekwa kwa sababu gharama yake ni mawe kidogo na kuanguka ni kifo. Pale gharama ni ndogo na hasara ni kubwa, mtu mwenye upendo hangoji uhakika wote. Na unafiki wa kiongozi haukufungulii wewe mlango. Kama baba mwenye nyumba hakujenga ukuta kwake, mtoto wa jirani akianguka kwako bado ameanguka kwako.

Lakini sheria nayo ina mpaka

Mpaka hapa mtu atadhani nasema kila kitu kilichofanywa kilikuwa sawa. Hapana. Hoja yangu imesimama juu ya gharama ndogo. Gharama ikiwa kubwa, hoja inayumba, na kwa wengine gharama ilikuwa kubwa kweli.

Faini ya shilingi 20,000 kwa mama mboga ni nini? Huo ni mtaji wote wa kibanda, na zaidi. Barakoa ya bob kumi, kwa mtu mwenye watoto watano na hana kazi, ni kitu cha kupigia hesabu. Wengi walifua ile ya kutumia mara moja mpaka ikawa wavu. Kuna mwenye pumu aliyeona anakosa hewa. Kuna kiziwi anayesoma midomo, ambaye ghafla dunia nzima ilinyamaza mbele yake. Na polisi walilaumiwa, tena kwa haki, kwa kupiga watu kwa jina la kulinda afya zao. Huwezi kumvunja mtu mkono ili usimwambukize kikohozi.

Ndio maana tuliona barakoa za kidevuni. Mtu anatembea nayo imening'inia chini, akiona askari anaivuta juu, askari akipita anaishusha. Barakoa ile haikumlinda jirani hata kidogo, ililinda mfuko wa mwenyewe. Tulijifunza kumwogopa askari, hatukujifunza kumwona dada wa kaunta. Amri peke yake hufika hapo kidevuni, haiendi mbele.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Wakati wa tauni, duka lina haki ya kudai barakoa, na serikali ina haki ya kuagiza, kwa sababu chakula ni cha lazima kwa wote na mlango ni mmoja. Lakini haki hiyo inakuja na deni. Anayedai barakoa awe nayo ya kumpa asiye nayo. Asiyeweza kuvaa aletewe unga wake hapo nje, kwa heshima, si kufukuzwa kama mwizi. Adhabu isizidi kosa. Na hatari ikipungua, sharti liondolewe, kama lilivyoondolewa mwaka 2022. Sheria ya dharura isiyo na mwisho si ya dharura tena.

Tufanye nini sasa?

Paulo akiwaandikia Warumi alikuta kanisa limegawanyika juu ya chakula. Aliyekula alimdharau asiyekula, na asiyekula alimhukumu anayekula. Paulo hakusema chakula ni neno la bure. Alikuwa na msimamo na alisema. Lakini aliwauliza wote: huyu unayemwangamiza kwa sababu ya chakula chako, si Kristo alimfia?

Mpendwa, kama kuna ndugu mliyeachana naye wakati ule, kwa sababu alivaa au kwa sababu alikataa, mpigie simu wiki hii. Usimpigie ili ushinde. Muulize alikuwa anaogopa nini. Unaweza kukuta alikuwa na mzee ndani ya nyumba, au hakuwa na bob kumi.

Na siku mlango wa duka ukibandikwa karatasi tena, kabla ya kusema "haki yangu," mwangalie usoni aliyekaa upande ule mwingine wa kaunta. Beba barakoa mbili: yako, na ya mtu aliyesahau.