Kasereka ni wa Nani?

Mama mmoja wa hapa Katoyi, mjini Goma, amenyimwa mtoto. Mumewe, aliyetangulia Ulaya, aliwaombea viza yeye na watoto wanne. Ofisi ikashangaa: ndugu wa baba mmoja, mama mmoja, kila mtu na jina lake? Wakapimwa DNA. Paluku, Kambale na Kakule wakapita. Kasereka, aliyeokotwa vitani akiwa bado ananyonya, akaandikwa si wao.

Jina ni nini, familia ni nini, hayo tuwaachie walimu wa falsafa. Kwamba wapo wanaosafirisha watoto kwa karatasi za uongo, nakubali. Kinachonichoma ni kauli niliyoisikia hata kwa majirani: "Damu haidanganyi."

Haidanganyi, lakini hujibu ilichoulizwa tu. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwanawe wa kiume, na Uingereza jina la ukoo hupita njia hiyohiyo. Hata huko, Bryan Sykes wa Oxford alipochapisha mwaka 2000 vipimo vya wanaume waitwao Sykes, karibu nusu tu walikutwa na kromosomu ya aina moja. Sasa wakusanye akina Kambale wote wa Goma, uwapime. Utapata nini? Kwa Wanande, kabila la familia hii, Paluku ni mwana wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, na hesabu hufuata tumbo la mama. Mwenye wake wawili aweza kuwa na Kambale wawili. Jina hilo halijawahi kudai kumjua babu wa babu yako. Rais Mobutu wa Zaire naye, 1972, alifuta majina ya Kikristo. Aliyebatizwa Joseph akabaki Joseph kwenye daftari la ubatizo parokiani, serikalini akawa mtu mwingine. Nani atawapatanisha hao wawili, maabara?

Tena hao wa "damu" ndio walewale wanaogawa watu kuwa "wenyeji" na "wageni". Sheria yetu ya uraia ya 1981 ilidai babu wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya tarehe 1 Agosti 1885; ile ya 2004 ikaangalia makabila yaliyokuwapo wakati wa uhuru, 1960. Kuna waliolala wageni wakaamka wenyeji, damu ileile.

Turudi kwa Kasereka. Wazee walinung'unika mama alipompa mtoto wa kuokota zamu ya tatu, maana tumbo halikumbeba. Wana hoja. Lakini aliyezaliwa baada yake walimwita wenyewe Kakule. Ofisi imemkubali wa nne, imemkataa wa tatu.