Mbaka si Nile

Kijana aliyetupokea kando ya mto Mbaka, huku Rungwe, Jumamosi ile ya Pasaka, hakuwa mbabaishaji. Ninalisema hili mwanzoni kwa sababu baada ya tukio watu walimwita kila jina baya, na mimi nilikuwa mmoja wao. Alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa Jinja, Uganda, akiongoza wageni kwa kayaki kwenye mto Nile. Alirudi kwao Matwebe na kayaki tatu za plastiki, makafi, kofia ngumu na jaketi okozi. Wageni waliozoea kuishia Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu kule Kiwira walianza kuulizana habari zake.

Kaka yangu alikuja na watoto wawili kutoka Dar es Salaam. Tulishuka bondeni saa tatu asubuhi, jua linawaka. Mlima Rungwe haukuonekana. Wingu jeusi lilikuwa limeufunika hadi mabegani.

Bibi mmoja alikuwa akichimba magimbi karibu na ukingo. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akawatazama watoto.

"Mnaingia nao humu, baba?"

"Ndiyo, bibi. Tuna mwongozaji."

Akanyoosha jembe kuelekea majini. "Yanabeba majani mabichi. Nilipofika hayakuwepo."

Jani bichi halianguki lenyewe. Likipita mtoni, maana yake huko juu maji yameshapanda ukingoni na yanang'oa. Bibi hakueleza hayo. Kwake ni jambo ambalo kila mtu analijua. Kijana alimjibu kwa adabu: "Shikamoo bibi, usihofu. Nimepita maporomoko makubwa kuliko haya mara nyingi."

Alisema kweli, na ukweli wake ndio uliotuponza. Nile pale Jinja hutoka Ziwa Victoria, ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Mvua ya usiku mmoja haiwezi kulipandisha ziwa lile kiasi cha mtu kuona, na maji yanayoshuka hupimwa na mabwawa ya umeme: Nalubaale, lililozinduliwa mwaka 1954, na Bujagali, lililozinduliwa 2012. Mwongozaji wa Jinja huamka akijua mto wake utakuwaje mchana. Mbaka hauna ziwa la kuupooza. Nchi hii ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa Tanzania, Aprili ndio kilele chake, na mlima una urefu wa mita 2,960. Maji yanayomwagika huko juu hayana pa kutulia. Unaweza kukaa bondeni ukiota jua huku mafuriko yako yakiwa njiani.

Kulikuwa na kosa la pili, dogo kwa macho. Jaketi zote zilikuwa za watu wazima. Binti wa kaka alikuwa na miaka minane. Kijana alivuta mikanda mpaka mwisho, akabana kifungo mbele, akampiga begani: "Umependeza." Tukacheka sote. Hakuna aliyeuliza kama kuna mkanda wa kupita katikati ya miguu.

Hatukumaliza nusu saa. Maji yaligeuka rangi ya chai ya maziwa, kisha yakaanza kuvuta. Kwenye kona palikuwa na mti ulioanguka, ambao siku moja kabla, kijana alisema baadaye, ulikuwa umelala juu ya mchanga mkavu. Sasa matawi yake yalikuwa ndani ya mto. Maji hupenya kwenye matawi, mtu hapenyi. Kayaki ambayo kijana alikuwa amepanda na binti iliugonga mti kwa ubavu, ikapinduka.

Niliona jaketi ya rangi ya chungwa ikiibuka upande wa pili wa mti na kwenda zake na mkondo. Kifungo kilikuwa kimefungwa. Ndani hapakuwa na mtoto.

Alikuwa ameteleza chini, jaketi ikapanda na kumvuka kichwani. Kilichomwokoa ni tawi alilolishika, na kijana yule yule, aliyemfikia na kumkumbatia kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umevunjika. Wanaume waliokuwa wakikata ndizi juu ya bonde walisikia mayowe, wakashuka na kamba za kufungia ng'ombe. Tulipowatoa, kitu cha kwanza binti alichouliza ni viatu vyake.

Umahiri wa mto mmoja haukulindi kwenye mto mwingine. Hendrik Coetzee, Mwafrika Kusini aliyeongoza msafara wa mwaka 2004 wa kushuka Nile kutoka Ziwa Victoria hadi bahari ya Mediterania, alikuwa na umahiri ambao sisi tungeuota tu. Desemba 7, 2010, akiwaongoza wenzake wawili kwenye mto Lukuga, mashariki mwa Kongo, mamba alimnyakua kutoka kwenye kayaki yake na hakuonekana tena. Nilipomsimulia kijana wetu habari hizo, mkono wake ukiwa bado kwenye plasta, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema anamfahamu. Pale Jinja kila mwongozaji anamfahamu.

Na kuhusu jaketi: mzazi, kabla mwanao hajapanda, shika mabega ya jaketi yake umnyanyue. Ikipanda hadi masikioni, mshushe mwende nyumbani.

Kijana alirudi kazini. Amechomeka mtoni mwanzi wa kupimia maji, wenye alama mbili za wembe, na kila asubuhi humpitia kwanza yule bibi wa magimbi. Pasaka iliyofuata alirudisha pesa za familia mbili.