Akili Isiyo na Huruma

Mwaka 1898 mtungaji Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha hadithi, The War of the Worlds, kinachosimulia jinsi wenyeji wa sayari ya Mirihi walivyoshuka Uingereza na kuwashambulia watu. Ni hadithi tu: vyombo vilivyotua huko tangu miaka ya 1970 havijaona kiumbe hai hata kimoja. Lakini swali lililomo si la kubuniwa.

Viumbe wale karibu ni vichwa vitupu. Mwili ni wa mviringo, upana wake kadiri ya mita moja na robo, wenye macho mawili makubwa na mikono 16 myembamba kama mijeledi. Matumbo hawana. Hawali, hutwaa damu ya viumbe vingine vilivyo hai na kuitia katika mishipa yao wenyewe. Hawalali usingizi. Hakuna mume wala mke kati yao: mtoto huchipuka mwilini mwa mzazi, kama chipukizi la mmea.

Wells anawaza kwamba huenda zamani walifanana na binadamu, kisha ubongo na mikono vikazidi kukua, na viungo vingine vikafifia. Pamoja na viungo hivyo, mapendo nayo yalitoweka, ikabaki akili inayojitafutia faida yake tu. Hapo ndipo penye uzito. Wako watu wanaodharau njaa, uchovu na machozi, wakidhani ni pingu za akili. Lakini asiyeonja njaa kamwe atamwelewaje mwenye njaa? Na asiyepakatwa na mama atajifunza wapi kumhurumia mtoto?

Hata hivyo mtungaji hakuwahukumu wageni wale upesi. Aliwakumbusha wasomaji wake wenyeji wa Tasmania, ambao Wazungu waliohamia kule tangu 1803 waliwaangamiza karibu wote, ingawa wazao wao wangali hai leo. Wahamiaji hao walikuwa na tumbo, na usingizi, na mama. Walikuwa na yote yanayomfundisha mtu huruma, wakaikataa. Na kosa lao ni zito kuliko la kiumbe ambaye hakupewa kitu cha kumzuia.

Katika hadithi, si mizinga wala werevu wa watu uliowashinda wavamizi. Waliuawa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo mwili wa binadamu, ule wenye kuchoka na kuugua, ulikwisha kuvizoea kwa vifo vya vizazi vingi.